Kemia au fizikia? Nina B ya moja na C ya nyingine, na dirisha la maombi liko wazi

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Matokeo yametoka: Kemia B, Fizikia C, Hisabati C. Ni divisheni wani ya pointi 8 na nyumbani wamefurahi, ila tangu siku hiyo sijatulia kwa sababu kila anayekuja ananichagulia kozi.

Baba mdogo yuko kwenye maabara ya mgodi huko Geita. Anasema nisome kemia na nisigeuke nyuma, mkemia hakosi pa kushika. Mwalimu wangu wa fizikia naye anasema hiyo C isinidanganye: kwenye praktiko ya umeme betri niliyopewa ilikuwa inashuka huku napima, grafu ikapinda na alama zikaenda. Anaamini fizikia ndiyo yangu. Mama anasema lolote litakalokuwa ni sawa, mradi nikimaliza miaka mitatu nisirudi kukaa, maana nyuma yangu wapo wawili wanaosubiri ada.

Mimi mwenyewe, sehemu kubwa ya ile B niliikariri, hasa mimenyuko ya oganiki na jedwali la kutambua chumvi. Fizikia siikariri, naielewa polepole, lakini hesabu ikiwa ndefu napotelea katikati.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Kwetu ni Maji ya Chai, Arumeru, na wengi wetu tuna meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi kwenye maji. Kuna watu wanatumia machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. La jirani lilifanya kazi miezi michache tu, kisha tukaambiwa halisaidii tena ingawa maji yalikuwa yanatoka masafi kabisa. Mengine maji yake yananuka, mengine hayanuki. Nilimuuliza mwalimu wa kemia, akasema ni kubadilishana kwa ayoni, na nilipotaka kujua zaidi kipindi kikawa kimeisha. Jambo hili halijanitoka kichwani.

Naomba unisaidie: nichukue ipi? C ya Hisabati inatosha kwa fizikia ya chuo? Kazi zikoje kwa kila upande? Na je, nichukue Shahada ya Sayansi na Ualimu ili niwe salama? La mwisho, nina pumu, na mvuke wa amonia shuleni uliwahi kunibana kifua. Je, hilo peke yake linanifungia mlango wa kemia?

Msichana wa PCM, Arumeru

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo divisheni wani.

Nakupa jibu kwanza ili usisome huku unalitafuta. Jaza kemia chaguo la kwanza, fizikia la pili. Halafu ndani ya wiki mbili fanya majaribio mawili nitakayokueleza hapa chini, na yakikuonyesha kinyume, geuza mpangilio kabla dirisha halijafungwa. Sababu yangu si ile B. B na C za mtihani wa taifa haziko mbali kiasi cha kuamua maisha ya mtu, na umeshaeleza mwenyewe kila moja ilivyopatikana. Sababu ni aya yako ya maji. Barua yote umeandika wanachosema wengine; kwenye maji ndipo umeuliza swali ambalo hakuna aliyekutuma uulize. Basi tulijibu, kwa kuwa ndani yake kuna tofauti nzima ya kemia na fizikia.

Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoitwa haidroksiapataiti. Kwenye fuwele zake kuna nafasi zinazokaliwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji, za haidroksaidi. Floraidi ina chaji ileile na ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi hizo na haidroksaidi inatoka. Ndiyo maana ya jibu fupi ulilopewa darasani. Lakini nafasi zina idadi. Zikijaa, chujio limechoka, na maji yataendelea kutoka masafi machoni kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu wala ladha kwa kiwango hicho. Chujio la jirani halikuharibika, lilijaa. Kadiri maji yanayoingia yanavyokuwa na floraidi nyingi, ndivyo linavyojaa mapema.

Harufu ni suala la tanuru. Mfupa ukichomwa kwa joto dogo, mafuta na protini hubaki ndani, na maji hutoka na rangi na harufu. Ukichomwa kwa joto kubwa mno, huku hewa ikiingia kwa wingi, unageuka mweupe: fuwele zinakua, eneo la uso linapungua, na uwezo wa kushika floraidi unashuka. Joto linalolengwa kwa kawaida ni kati ya nyuzi 400 na 500 hivi, hewa ikiwa imebanwa, na mkaa mzuri ni wa kijivu kinachoelekea weusi.

Sasa njoo kwenye kupima, kwa maana ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na huwezi kuujua kwa macho. Maabara nyingi hutumia elektrodi ya floraidi, kijiti kinachotoa volti kulingana na floraidi iliyomo. Unaitumbukiza kwenye myeyusho sanifu, yaani ule ambao kiasi chake kinajulikana, wa miligramu 1 kwa lita, unasoma milivolti. Unaisuuza, unaitia kwenye wa miligramu 10, unasoma tena. Tofauti ya masomo hayo mawili inatakiwa ikaribie 59 kwenye nyuzi 25 za sentigredi. Kwenye nyuzi 15, kama asubuhi ya baridi huko kwenu, ni 57. Ndipo unapima sampuli, ikiwa na joto lilelile la miyeyusho sanifu, maana kosa la milivolti 1 tu linakuwa kosa la karibu asilimia 4 kwenye jibu.

Mkemia akisimama hapo anauliza: je, floraidi yote iliyomo inaonekana na elektrodi? Jibu ni hapana. Elektrodi inaona floraidi iliyo huru tu. Kama maji yametibiwa kwa shabu, aluminiamu iliyobaki huikumbatia floraidi na kuificha, usomaji unashuka, na unaweza kuwaambia watu maji ni salama kumbe si salama. Asidi nayo ikizidi, floraidi hujiunga na haidrojeni na kupotea machoni pa elektrodi. Besi ikizidi, haidroksaidi yenyewe huanza kuhesabiwa kama floraidi. Kwa hiyo kila sampuli na kila myeyusho sanifu huchanganywa nusu kwa nusu na bafa maalumu inayoshikilia pH (kipimo cha asidi na besi) kwenye 5 na kitu, na yenye kemikali inayoing'ang'ania aluminiamu ili iiachie floraidi. Miyeyusho hutunzwa kwenye chupa za plastiki, si za kioo.

Mwanafizikia akisimama palepale anauliza jingine kabisa: kwa nini 59? Kwa nini namba hiyo inabadilika na joto, na inategemea nini katika maumbile? Ile ncha ya elektrodi ni fuwele ya lanthanamu floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo; kwa nini uchafu huo mdogo unaifanya ipitishe ayoni kwa urahisi zaidi? Ayoni inapitaje ndani ya kitu kigumu? Hatimaye anafika kwenye mlinganyo mmoja wenye halijoto na chaji ya elektroni ndani yake, na anaridhika pale namba 59 inapotoka kwenye mlinganyo bila kuchungulia kifaa.

Soma tena aya hizo mbili taratibu. Ile utakayotamani iendelee ndiyo inayokuelekeza. Wapo wanaopenda zote mbili, na hao ndio huishia kwenye kemia ya kifizikia au sayansi ya mata, njia ambayo unaweza kuiingia kutoka upande wowote ule.

Nirudi kwenye majaribio niliyoyataja. Omba ruhusa shuleni ulikosoma, mwambie fundi wa maabara unahitaji mchana mmoja.

La kemia ni la siki ya dukani. Pima gramu 4 za sodiamu haidroksaidi, yeyusha hadi lita 1. Kwenye karatasi hiyo ni molari 0.1, ila usiiamini: vipande vyake vinafyonza unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani hata ukiwa bado unapima, kwa hiyo mkolezo halisi mara nyingi ni pungufu. Upate kwa asidi ya oksaliki: gramu 1.58 za ile yenye maji ya fuwele, kwenye chupa ya mililita 250. Chukua mililita 25 kwa pipeti, matone mawili ya fenolfthalini (kiashiria cha rangi), sodiamu haidroksaidi kwenye bureti. Ingekuwa molari 0.1 kamili, ungetumia mililita 25, ukitumia 26.3, tayari unajua imepungua kiasi gani. Kisha chukua mililita 25 za siki, ziongezee maji hadi 250, upime mililita 25 za hiyo. Siki ya asilimia 5 itakula karibu mililita 21. Rudia mpaka upate masomo matatu yanayopishana kwa mililita 0.1 tu. Vaa miwani, na usivute asidi ya oksaliki kwa mdomo kwenye pipeti, ni sumu. Ukimaliza siki ya kwanza, fanya ya kampuni nyingine, halafu ya tatu.

Hapo jiangalie. Kazi ya mkemia wa uchambuzi ni hiyo, mara arobaini kwa siku, kwa uaminifu uleule kwenye ya arobaini kama kwenye ya kwanza. Kama kwenye siki ya tatu bado ulikuwa na hamu ya kujua lebo ya chupa inasema kweli, una moyo wa kazi. Kama ulianza kukisia tone la mwisho ili umalize, zingatia hilo sana.

La fizikia halihitaji maabara. Funga nati nzito kwenye uzi, urefu uwe mita 1 kamili kutoka pale ulipofungwa hadi katikati ya nati, uifanye pendulamu, na tafuta namba ya mchapuko wa mvutano wa dunia mahali ulipo. Kitabu kinasema mita 9.81 kwa sekunde mraba. Karibu na ikweta usawa wa bahari ni 9.78, na kwenu mlimani inapungua kidogo zaidi. Swali: je, kwa uzi na saa ya simu unaweza kuonyesha kuwa ya kwenu si ya kitabuni? Ukihesabu mizunguko 20 huwezi. Mizunguko 100 ya 9.81 huchukua sekunde 200.6; ya 9.78 huchukua 200.9. Unatafuta sekunde 0.3, na kidole chako peke yake kinaweza kukosea 0.2. Urefu ukikosea milimita 1, umeongeza au kupunguza sekunde 0.1. Ukiisukuma pendulamu kwa nyuzi 10, muda unarefuka kwa karibu sekunde 0.4, yaani kosa limeshinda kitu unachokitafuta. Kwa hiyo anza chini ya nyuzi 5, hesabu mizunguko mingi, rudia mara kadhaa, pima urefu upya baada ya uzi kunyooka kwa uzito. Andika kila chanzo cha kosa na ukubwa wake.

Kama jioni nzima iliyeyuka huku unafukuza hizo sehemu tatu za sekunde, na ukalala unawaza namna ya kukiondoa kidole kwenye hesabu, geuza fomu: fizikia iwe ya kwanza. Hata lile tatizo la betri kushuka lina sura hiyohiyo. Mwanafizikia anaikubali betri inayoshuka, anapima volti zake kabla na baada ya kila usomaji, anafungua swichi kati ya usomaji mmoja na mwingine, na kushuka kwenyewe kunamwambia ukinzani wa ndani.

Kuhusu Hisabati. C inakuingiza, na inatosha kuanzia, lakini haitoshi kukufikisha mwisho bila kazi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kukimbilia kemia ili kuikwepa hisabati ni kosa. Kemia ya kifizikia ina themodinamiki, kwanta na kasi za mimenyuko, yote kwa kalkulasi, na huko ndiko sapu (mitihani ya marudio) za kozi ya kemia hujaa. Tofauti ni ya kiasi: kwenye kemia hisabati ni sehemu ya kozi kadhaa, kwenye fizikia ni lugha ya kila kipindi, kuanzia vekta na milinganyo ya mabadiliko hadi matriki na namba changamani. Anayeiacha imrundikie muhula wa kwanza wa fizikia hudisko, yaani huondolewa chuoni, mwaka huohuo.

Umesema unapotelea katikati. Mara nyingi chanzo ni kuingiza namba mapema. Mwanafunzi anabadilisha herufi kuwa namba mstari wa pili, na kufikia wa sita ana desimali tano asizojua zilitoka wapi. Beba herufi hadi mstari wa mwisho, kagua vizio kila mstari, ndipo ushike kikokotozi. Kati ya sasa na chuo kufunguliwa una miezi kama mitatu. Rudia utofautishaji na ujumlishaji, hasa ujumlishaji kwa sehemu, logi na eksponenti, kisha milinganyo ya mabadiliko ya daraja la kwanza. Mmoja tu ukiujua kwa undani utakulipa kote: ule usemao kasi ya kupungua inalingana na kiasi kilichobaki. Ndio kapasita inayotoa chaji, ndio mmenyuko wa daraja la kwanza, ndio mionzi. Kobalti-60 inayotumika kutibu saratani ina nusu-maisha, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ya miaka 5.27, ukokotoe mwenyewe uone inapungua karibu asilimia 1.1 kila mwezi. Mtaalamu wa fizikia tiba asiporekebisha muda wa tiba kulingana na upungufu huo, mgonjwa anapata dozi pungufu.

Sasa kazi. Baba mdogo wako hasemi uongo. Shahada ya kwanza ya kemia ina kazi zenye jina lake: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Shirika la Viwango, mamlaka za maji, dawa na vifaa tiba, migodi, viwanda vya saruji, sukari, bia, rangi, sabuni. Tangazo linaandikwa "mkemia" na wewe unaomba. Ila muulize akueleze zamu yake ilivyo. Kwenye kupima dhahabu kwa tanuru, kijiko cha gramu 30 au 50 za unga wa mwamba huchanganywa na oksidi ya risasi na kuyeyushwa kwenye nyuzi zaidi ya 1,000, chungu baada ya chungu, usiku na mchana. Chungu kilichobeba sampuli tajiri kikitumika tena kwa sampuli maskini, mgodi unaona dhahabu isiyokuwepo. Risasi nayo inaingia mwilini, kwa hiyo kazi hiyo ina vipimo vya damu na barakoa. Ajira ipo, na ina uzito wake.

Shahada ya kwanza ya fizikia mara nyingi haina tangazo lenye jina lake. Ina milango, lakini kila mlango unataka kitu cha ziada mkononi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanataka hali ya hewa iongezwe. Tume ya Nguvu za Atomu ina kazi za usalama wa mionzi, zikiwemo kukagua mashine za eksirei. Fizikia tiba, kama ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, inataka masomo ya juu baada ya shahada. Utafutaji wa madini na jotoardhi unataka jiofizikia. Uchambuzi wa data unataka programu za kompyuta ulizozifanyia kazi kweli. Anayetoka chuoni na fizikia tupu, bila kuandika programu wala kushika kifaa, ndiye anayerudi nyumbani kukaa. Kwa upande wa kuendelea na masomo, fizikia ina njia nzuri: kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichopo Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, na taasisi shirika yake iliyopo Kigali, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa yule anayeweza kusubiri mwaka wa nne na wa tano, fizikia inalipa. Wewe una wadogo wawili wanaosubiri ada, na hilo nimelipima kwenye ushauri wangu bila kulionea haya.

Jihadhari na mkanganyiko unaowaponza wengi: shahada ya fizikia haikufanyi mhandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na shahada ya kemia haikufanyi mfamasia mbele ya Baraza la Famasi. Kama ndani ya moyo unachotaka ni mojawapo ya hizo, sema sasa na uombe kozi hiyo yenyewe.

Ualimu usiuchukue kama godoro la kuangukia. Darasa la watoto sitini linajua kama mwalimu wao amekuja kwa kukosa pa kwenda. Ukiupenda, mchanganyiko wa fizikia na hisabati ndio shule zinaoulilia zaidi. Usipokuwa na uhakika, soma sayansi tupu. Stashahada ya uzamili katika elimu inaweza kufuata baadaye.

Kabla hujabonyeza kutuma, pata mtaala wa kila kozi kwenye chuo unachokitaka na utafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si mhadhiri, umuulize mambo haya. Mashine ya kupima metali kwa ufyonzaji wa atomi inafanya kazi, au ni ya kuonyeshwa? Kikundi kimoja cha praktiko kina watu wangapi? Wakizidi wanne, wawili wanatazama. Fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) iko baada ya mwaka gani, na mwanafunzi anajitafutia au anatafutiwa? Je, mwenye kemia anaruhusiwa kuchukua kozi za hiari za hisabati au fizikia? Ukiruhusiwa, chukua elektroniki na takwimu, maana mkemia anayeweza kutengeneza kifaa chake kikizimika ni mtu adimu. Na kwa swali lako la maji, fahamu kwamba Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, jirani kabisa na kwenu, inapokea wanafunzi wa uzamili na inashughulika na masuala ya maji. Waandikie mapema kuomba fildi huko.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kimoja. Thibitisha ndani ya muda; usipothibitisha nafasi inakwenda kwa mwingine. Ukifika na ukaona umekosea, kuhama kozi ndani ya chuo huwezekana mwanzoni mwa mwaka wa kwanza kama una sifa na nafasi ipo, kwa hiyo usingoje matokeo ya muhula ndipo uanze kuzunguka ofisi.

Pumu haikufungii mlango, lakini isiwe siri. Nenda kwa daktari sasa, ukiwa mzima, umweleze habari ya amonia, akupime nguvu ya mapafu na akuandikie barua ya kupeleka chuoni. Siku ya kwanza ya praktiko mwonyeshe fundi wa maabara barua hiyo na umwambie dawa yako ya kuvuta iko mfuko upi, ili ukizidiwa asiulize. Amonia, asidi ya haidrokloriki kali, bromini na salfa dayoksaidi zifunguliwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke tu. Kabla ya kufungua chupa, shika kipande cha karatasi laini kwenye mdomo wa kabati: kikivutwa kuelekea ndani, feni inafanya kazi, kikining'inia tu, usifungue, hata kama wenzako wameshaanza. Barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii gesi. Ukiona kifua kinabana kila siku ya praktiko na kinaachia wikiendi, andika tarehe na kemikali iliyotumika na umrudie daktari wiki hiyohiyo. Hali ikiwa hivyo mfululizo, badilisha mpangilio wa fomu yako au hamia kwenye fizikia kabla muda wa kuhama haujapita.